Mashangazi, nguruwe na mtumishi mwerevu: kwa nini Wodehouse bado anasomwa

Ukijaribu kumsimulia mtu kitabu cha P. G. Wodehouse utaaibika. Chukua The Code of the Woosters, kilichotoka mwaka 1938 na ambacho wapenzi wake wengi hukiweka juu ya vingine. Kijana tajiri wa London, Bertie Wooster, anatumwa na shangazi yake aende duka la vitu vya kale akakibeze kijagi cha fedha chenye umbo la ng'ombe, ili muuzaji ashushe bei. Kijagi kinaangukia mikononi mwa hakimu mstaafu. Shangazi anaamuru kiibwe. Humo katikati kuna daftari lililopotea, kofia ya polisi iliyonyakuliwa na kasisi kijana, na uchumba unaovunjika na kuungwa kabla chai haijapoa. Mwishoni mtumishi wa Bertie, Jeeves, anayanyoosha mambo yote, na bwana wake anakubali ile safari ya meli ambayo mtumishi alikuwa akiitaka tangu mwanzo. Hakuna aliyekufa na hakuna aliyejifunza lolote.

Mwandishi wa mambo hayo alifariki mwaka 1975 akiwa na miaka 93, nyuma yake ameacha vitabu zaidi ya 90. Wenzake wengi waliokuwa wakiitwa wakubwa kuliko yeye sasa wanasomwa na wanafunzi wanaolazimishwa. Yeye anasomwa kwa hiari. Kati ya 2000 na 2015 mchapishaji mmoja wa London alitoa upya kazi zake katika juzuu 99 zenye jalada gumu, na mwaka 2019 aliwekewa jiwe la kumbukumbu ndani ya Westminster Abbey, kanisa walimozikwa wafalme wengi.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Waingereza wanaililia enzi yao. Halitoshi. Mtu hulilia alichokipoteza, na nchi iliyomo ndani ya vitabu hivi haijapata kupotezwa na mtu yeyote kwa kuwa haijapata kuwapo. Tena ushahidi mzito dhidi ya jibu hilo uko India, ambako Wodehouse ana wasomaji wa kufa na kupona. Shashi Tharoor, mwandishi na mwanasiasa wa huko, alisoma chuo cha St. Stephen's mjini Delhi, mahali ambapo wanafunzi walikuwa na chama kizima kilichoitwa kwa jina la mwandishi huyu. Tharoor huyo huyo ameandika kitabu cha kuishtaki dola ya Kiingereza kwa jinsi ilivyoifukarisha nchi yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba anatamani Mwingereza arudi. Anachokipenda ni kitu kingine, na ndicho cha kutafuta.

Tuanze na utoto wake, maana ndiko mashangazi walikotoka. Pelham Grenville Wodehouse alizaliwa Guildford, kusini mwa Uingereza, Oktoba 1881, mama yake akiwa amekuja kutembea tu. Makazi yao yalikuwa Hong Kong, ambako baba alikuwa hakimu wa serikali ya kikoloni. Mtoto alipofika miaka miwili alirudishwa Uingereza pamoja na kaka zake, wakaachiwa yaya. Tangu miaka mitatu hadi kumi na mitano, muda wote aliokaa na wazazi wake ukiujumlisha unapata kama miezi sita. Likizo za shule zilimkuta akizungushwa nyumba kwa nyumba kwa ndugu wa baba na wa mama, wanawake wakali waliozoea kauli zao kuwa za mwisho. Mwenyewe alisema kwamba Shangazi Agatha, mwanamke anayemtetemesha Bertie kitabu baada ya kitabu, ni Mary Deane, ndugu wa kike wa mama yake. Mwandishi mwingine angezaa humo riwaya ya machozi. Huyu alilichukua jeshi zima la wakubwa waliomtisha utotoni akalifanya la kuchekesha, na sidhani kama aliwahi kulalamika hadharani kuhusu miaka ile.

Shule ilimfaa. Alikaa Dulwich, kusini mwa London, kuanzia 1894 hadi 1900, akishiba Kilatini na Kigiriki, na alitarajia kuendelea Oxford kama kaka yake. Kilichomkwamisha ni fedha za kigeni: pensheni ya baba ililipwa kwa rupia, sarafu ambayo enzi hizo ilikuwa ikitumika hata Zanzibar na Mombasa, na thamani yake mbele ya pauni ilikuwa ikiyumba. Kijana akapelekwa kuwa karani wa benki ya Hong Kong na Shanghai, tawi la London. Mchana alihesabu, usiku aliandika. Mwaka 1902 aliacha kazi akaingia gazetini, na mwaka huo huo kitabu chake cha kwanza kikatoka. Mwaka 1904 alikanyaga Marekani kwa mara ya kwanza, na tangu hapo akawa anaandikia nchi mbili kwa mpigo. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Uingereza aliyokuwa akiiuza kwa magazeti ya New York ilikuwa tayari ni bidhaa ya jukwaani, yenye kasri, bwanyenye na mtumishi wa kuinamisha kichwa, kama Wamarekani walivyopenda kuiona.

Bertie na Jeeves walitokea kwa mara ya kwanza katika hadithi fupi iliyochapishwa Septemba 1915. Tarehe hiyo itazame vizuri. Vita Kuu ilikuwa imeshatimiza mwaka, na vijana wa tabaka la Bertie walikuwa wakifa kwenye mahandaki ya Ufaransa. Jina la Jeeves lenyewe Wodehouse alilichukua kwa mchezaji wa kriketi wa Warwickshire, Percy Jeeves, aliyemwona uwanjani Cheltenham mwaka 1913. Mchezaji huyo aliuawa katika mapigano ya Somme, Julai 1916, na mwili wake haukupatikana. George Orwell aliandika mwaka 1945 kwamba Bertie Wooster, kama aliwahi kuwapo, basi aliuawa mnamo 1915. Lakini vitabuni vita hiyo haikutokea. Ya pili nayo haikutokea. Kitabu cha mwisho cha Jeeves kilichapishwa mwaka 1974, na Bertie bado ni kijana wa miaka ishirini na kitu, bado anamkimbia msichana anayetaka kumrekebisha tabia.

Wengine huona huo ni woga wa mwandishi. Mimi naona ndio msingi wa nyumba yake. Kichekesho kinachomlenga waziri fulani huzeeka pamoja na waziri huyo; baada ya miaka hamsini unahitaji maelezo chini ya ukurasa ili ucheke, na kicheko cha maelezo si kicheko. Wodehouse alijenga mahali pasipo na tarehe, kwa hiyo hapana kitu cha kupitwa na wakati. Lakini mahali pasipo na tarehe wamejenga wengi, na wengi wamesahauliwa. Kinachobaki ni sentensi zake, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Bertie ndiye anayesimulia. Ni msemaji wa ajabu: nusu ya maneno yake ni ya mitaani ya vijana wa vilabu vya London, nusu ni vipande vya Shakespeare na Biblia anavyovikumbuka upande upande, maana utotoni alipata tuzo ya maarifa ya Maandiko na hajachoka kuitaja. Anaanza beti ya mshairi, anakwama, Jeeves anaimalizia kwa adabu kutoka nyuma ya kiti. Jambo lenyewe ni dogo, pengine soksi za rangi ya zambarau ambazo mtumishi hazitaki, ila linazungumzwa kwa uzito wa hukumu ya mahakama kuu. Kicheko kinatoka kwenye umbali kati ya uzito wa lugha na wepesi wa jambo.

Kuna ujanja mwingine wa kuhamisha sifa. Bertie akiwa mezani anawaza, hasemi kwamba aliweka sukari kijikoni huku akitafakari. Anasema aliliweka kijikoni donge la sukari lenye tafakuri. Akili ya msomaji inajikwaa kidogo, inamwona Bertie, inaiona na sukari, inacheka kabla haijajua inacheka nini. Au tazama Wodehouse mwenyewe anavyowafananisha watu. Kuhusu mtunza bustani wa Kiskoti aliyenuna, anatuambia kwamba kumtofautisha Mskoti mwenye manung'uniko na mwonzi wa jua hakujawahi kuwa kazi ngumu. Hakusema amenuna. Amejifanya kuna watu wanaoweza kuvichanganya vitu hivyo viwili, kisha akatuliza hofu yao kwa upole. Na mashangazi wakianza kuitana kutoka pembe mbili za ukoo, wanafanana na ndovu wa zama za kale wakinguruma ng'ambo ya kinamasi.

Hii ndiyo sababu muhtasari unamuua. Kichekesho kimo katika mpangilio wa maneno, hakimo katika tukio, na tukio ni mti wa kuanikia tu. Ndiyo maana pia wanaompenda zaidi mara nyingi ni watu waliojifunza Kiingereza kwa jasho, kwa fimbo ya mwalimu na kwa mitihani. Lugha waliyofundishwa kama ibada wanaikuta hapa ikipigwa danadana na mtu anayeijua kuliko mwalimu wao. Raha ya Delhi, kwa maoni yangu, nusu yake ni hiyo.

Wepesi huo ulifanyiwa kazi kama ya fundi. Katika mahojiano ya mwisho wa maisha yake alisema kwamba kabla ya kuanza kitabu huwa na kurasa kama 400 za maandalizi. Inasimuliwa pia kwamba kurasa alizoandika alizibandika ukutani kuzunguka chumba, zilizokaa vizuri akizipandisha juu na dhaifu zikibaki chini, halafu akawa anazirekebisha hadi zote zipande.

Ufundi wa mipango aliutoa kwenye ukumbi wa michezo. Watu husahau kwamba miaka ya Vita ya Kwanza Wodehouse alikuwa mtu wa Broadway, mtaa wa kumbi za michezo wa New York, akitunga maneno ya nyimbo kwa tamthilia za muziki pamoja na Guy Bolton na mtunzi Jerome Kern. Wimbo wake "Bill" uliishia ndani ya tamthilia ya muziki Show Boat mwaka 1927. Alisema kuna njia mbili za kuandika riwaya: ya kwanza ni yake, kutengeneza aina ya tamthilia ya muziki bila muziki na kuyapuuza kabisa maisha halisi, ya pili ni kuzama ndani kabisa ya maisha bila kujali lolote. Ukisoma ukiwa na kauli hiyo kichwani unaanza kuona jukwaa. Nyumba kubwa ya shamba, milango mingi, bustani, maktaba yenye kabati la kujificha. Wageni wamefungiwa humo wikendi nzima. Kitu kimoja kinapita mkono hadi mkono. Kila mhusika ni kama mwigizaji anayelipwa mshahara, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kukaa bure.

Na ndani ya mashine hiyo kuna kitu kimoja cha kweli kabisa, ambacho wachambuzi hukigusa kijuujuu: fedha za wakubwa. Vijana wa Wodehouse karibu wote hawana chao. Wanataka kuoa, ila posho iko mkononi mwa mjomba. Wanataka kufungua biashara, ila hundi lazima isainiwe na shangazi. Mjomba naye ana udhaifu wake. Lord Emsworth wa kasri la Blandings hajali watoto wake wala cheo chake. Anajali nguruwe jike mnene aitwaye Empress, bingwa wa maonyesho ya kilimo, aliyeingia hadithini mwaka 1927. Anayetaka idhini ya mzee lazima apitie kwa nguruwe. Msomaji wa pwani atavumilia mnyama, lakini mpango wenyewe anaujua: mapenzi ya vijana kusubiri kikao cha wazee, na kikao kusubiri kutulizwa kwa mzee mmoja mwenye kiburi chake. Tishio la vitabu hivi si umaskini wala kifo, ni mkubwa wa ukoo kuingia mlangoni bila taarifa. Mahali ambapo shangazi ana sauti, kicheko hiki hakihitaji pasipoti.

Jeeves ndiye anayewamudu wakubwa hao. Kazi yake ni ndogo kwa cheo: anamtunzia bwana mmoja nguo, anampikia chai, anamfungulia mlango. Akili yake ndiyo inayoendesha kila kitu. Sisi tuna Abunuwasi, anayemshinda sultani kwa werevu mbele ya watu na kumwacha ameduwaa. Jeeves hufanya kinyume kidogo. Anashinda kimya kimya, na aliyeshindwa anaendelea kujiona ndiye mwenye nyumba. Malipo anayochukua ni madogo na ya dharau tamu: mwishoni bwana anakubali kuitupa ile koti nyeupe au kuunyoa ule mdomo wa juu ulioota masharubu. Kuna wanaosoma humo mapinduzi ya kitabaka. Mimi siyaoni. Jeeves hataki kuipindua nyumba, kwa sababu tayari anaitawala.

Sasa kuna doa ambalo halifichiki. Kuanzia 1934 Wodehouse aliishi Le Touquet, kaskazini mwa Ufaransa. Wajerumani walimkuta hapo Mei 1940, na Julai wakamkusanya pamoja na wanaume wengine wa mataifa adui walio chini ya miaka 60. Alipitishwa gereza la Loos, kambi ya jeshi ya Liège na ngome ya Huy, akaishia Tost, katika Silesia ya Juu, jimbo la mashariki mwa Ujerumani ya wakati huo, ndani ya jengo lililokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Humo aliendelea kuandika riwaya. Kuhusu mandhari alisema kwamba kama hii ndiyo Silesia ya Juu, sijui hiyo ya Chini ikoje. Juni 1941 aliachiliwa, miezi michache kabla hajafikisha sitini, akapelekwa Berlin, na hapo akakubali kusoma redioni mazungumzo matano ya kuchekesha kwa wasomaji wake wa Marekani, nchi ambayo ilikuwa bado haijaingia vitani. Alianza kwa kusema kwamba vijana wanaoanza maisha humuuliza mara nyingi jinsi ya kuwa mtu wa kuwekwa kizuizini, na kwamba njia yake yeye ilikuwa kununua nyumba Le Touquet na kuwasubiri Wajerumani waje.

Maneno yenyewe hayakuwa na propaganda. Lakini London ilikuwa imetoka kupigwa mabomu miezi na miezi, na mtu wao alikuwa akitania kwenye redio ya Hitler. Julai 1941 BBC ilirusha shambulio kali la mwandishi wa safu za magazeti aliyejiita Cassandra, na baadhi ya maktaba ziliviondoa vitabu vyake rafuni. Mwaka 1944, baada ya Paris kukombolewa, ofisa wa ujasusi wa Uingereza, Edward Cussen, alimhoji na kuhitimisha kwamba hapakuwa na kesi ya kumfikisha mahakamani. Ripoti hiyo ilifungiwa hadi 1980, miaka mitano baada ya mwandishi kufa. Alihamia Marekani mwaka 1947, akachukua uraia mwaka 1955, na hakurudi Uingereza tena hata kwa siku moja. Serikali ilimpa heshima ya kuitwa "Sir" Januari 1975. Alifariki tarehe 14 Februari.

Watetezi wake hupenda kuyatenga mambo haya mawili, vitabu huku na Berlin kule. Nadhani wanakosea. Ndani ya kile kitabu cha 1938 kuna mtu aitwaye Roderick Spode, kiongozi wa wafuasi waliovaa kaptura nyeusi kwa sababu mashati ya rangi zote yalikuwa yameshachukuliwa na vyama vingine. Ni Oswald Mosley, mkuu wa mafashisti wa Uingereza, bila kificho. Na anaangushwaje? Inagundulika kwamba kwa siri ana duka la nguo za ndani za wanawake. Kwa Wodehouse dikteta alikuwa mtu mwenye magoti wazi anayeweza kunyamazishwa kwa neno moja la aibu. Kitabuni jicho hilo ni tiba, na Spode hajapoteza makali hadi leo. Mwandishi aliyekuwa na jicho hilo hilo alipokaa mbele ya kipaza sauti mjini Berlin, hakuona kitu kingine zaidi ya wasomaji wake na kichekesho. Huwezi kuupenda upofu ule ukurasani halafu ukashangaa kuukuta studio. Mwandishi wa riwaya Evelyn Waugh, aliyemtetea hadharani mwaka 1961, alisema ulimwengu wa Wodehouse hautachakaa na utaendelea kuwafungua vizazi vijavyo kutoka vifungo vizito kuliko vyetu. Nakubali, ila mjenzi mwenyewe hakuwa na mlango wa kutokea.

Na kuna kurasa ambazo msomaji Mwafrika hawezi kuzipita akitabasamu. Katika Thank You, Jeeves ya mwaka 1934 sehemu kubwa ya kisa inategemea Waingereza waliojipaka rangi nyeusi usoni ili waimbe kama watu weusi, na lile tusi linatumika kama neno la kawaida. Mwaka 2023 wachapishaji waliondoa baadhi ya maneno hayo katika matoleo mapya na kuweka tahadhari mwanzoni. Ningependelea tahadhari peke yake. Kitabu kile ni dhaifu hata kwa vipimo vyake mwenyewe, na msomaji mzima anaweza kukiruka.

Cha kuanzia ni hadithi fupi za Carry On, Jeeves, za mwaka 1925, halafu Right Ho, Jeeves, hasa ile sura ambapo Gussie Fink-Nottle, mwanamume mwoga anayefuga mijusi ya majini, anagawa zawadi shuleni akiwa amenyweshwa pombe kwenye maji ya machungwa bila kujua. Kitabu hicho na vingi vya mwanzo vipo bure na kihalali kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Kwa upande wa nguruwe, chukua Summer Lightning ya 1929. Vya miaka ya 1960 na kuendelea viache viwe vya mwisho, maana mzee alikuwa ameanza kujirudia. Na usisome viwili mfululizo: cha pili kitaonekana kibaya bila kosa lake.